Usipeleke kikohozi kwa gorila

Karatasi za safari zinazoletwa Lamu zinafanana zote. Siku ya kwanza Nairobi, siku ya pili geti la mlima, siku ya tano au ya sita kileleni, halafu safari ya Uganda, na mwisho kabisa, kama halua baada ya biriani, saa moja na gorila. Nimeongoza watu kwa mpango huo miaka kadhaa bila kujiuliza. Siku hizi nikiletewa karatasi ya namna hiyo naigeuza: gorila kwanza, mlima baadaye. Wenzangu wa kazi wananiona mbishi, na ubishi wenyewe umenifika kwa njia ya aibu.

Mwaka mmoja nilikuwa na watu watano, wote wa Lamu mjini na Shela. Tulipanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, tukafika kilele cha Lenana, mita 4,985, jua likichomoza, tukashuka salama. Mmoja wao, fundi wa kuchonga milango, alishuka na kikohozi. Hakuwa na mafua wala homa. Kilikuwa kikohozi kikavu tu, kile kinachowapata wengi wanaolala siku kadhaa juu kule, kwa sababu hewa ni baridi na kavu na mtu anaihema kwa mdomo wazi usiku na mchana mpaka koo likachubuka. "Kitwa kimepoa," akaniambia garini, "kifua ndicho chanisumbua." Nikampa tangawizi na asali, nikaona yamekwisha.

Siku chache baadaye tumesimama Bwindi, msitu wa gorila wa Uganda, asubuhi, askari wa hifadhi anatusomea masharti. Fundi akakohoa. Askari akamtazama, akaendelea kusoma. Akakohoa tena. Akaitwa kando kwa adabu, akaulizwa maswali, na msituni hakuingia. Mimi na wale wanne tulikwenda, yeye akabaki kwenye benchi na barakoa yake mpya ambayo hakuwa ameivaa hata mara moja.

Kosa lilikuwa langu. Yule askari hana namna ya kupambanua kikohozi cha baridi na kikohozi cha virusi kwa kumtazama mtu usoni, na mimi sina, na daktari naye angehitaji maabara.

Ukali huu una sababu. Gorila tunashirikiana naye karibu asilimia 98 ya vinasaba, kwa hiyo maradhi yetu mengi ni yake pia, isipokuwa yeye hana kinga ya kuyazoea. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi walipata upele. Aliyewatibu alikuwa Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa mifugo Mganda, na chanzo kilifuatiliwa hadi kwa watu wanaoishi kando ya msitu, ambao nguo zao chakavu hutumika kutengeneza vinyago vya kutishia wanyama mashambani. Mtoto mmoja wa gorila alikufa. Mwaka 2003 daktari huyo alianzisha shirika la Conservation Through Public Health, kwa wazo ambalo kwangu ni la busara sana: ukitaka gorila awe mzima, anza kumtibu jirani yake. Mwaka 2009, upande wa Rwanda, kundi la Hirwa lilikuwa na gorila 12. Wakaugua 11 kwa kirusi cha mapafu ambacho kwa binadamu wengi huleta mafua tu, na wawili wakafa, jike mmoja mzima na mtoto mchanga.

Ukijumlisha hesabu za mwisho zilizokamilika, gorila wa milimani duniani kote walikuwa 1,063: 604 kwenye safu ya Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Kongo, na 459 Bwindi na msitu wa Sarambwe ulioungana nayo. Basi. Hakuna wengine mahali popote, wala hakuna bustani ya wanyama iliyowafuga. Maulidi yetu hukusanya watu wengi kuliko hao. (Na kwa wale wa barazani wanaoniambia nimekwenda kuona "sokwe": sokwe ni mwingine, mdogo wa umbo na mpenda miti. Gorila muda mwingi yuko chini, anakula majani, na kila jioni anajitandikia kitanda kipya.)

Hicho kitanda ndicho kinachorahisisha kazi. Wafuatiliaji huondoka mapema kuliko wageni, wakaenda pale kundi lilipolala jana, wakafuata nyayo na majani yaliyovunjwa, kisha wakapiga redio. Wageni wasiozidi wanane kwa kundi moja huongozwa hadi hapo, kwa mwendo wa nusu saa au wa saa sita, kutegemea gorila wameamkia upande gani. Mkifika, saa moja inahesabiwa. Barakoa usoni, mita 10 kati yenu na wao, hakuna kula wala kutema mate. Shida ni kwamba gorila hajui mita. Mtoto wake atakujia mbio ili akushike suruali, na wewe ndiye unayetakiwa kurudi nyuma polepole, usimwangalie dume macho kwa macho, wala usimguse mdogo hata akikuchekesha. Makundi haya yalizoeshwa watu kwa miaka miwili au zaidi kabla ya mgeni wa kwanza kuruhusiwa, kwa hiyo utulivu unaouona hapo ni kazi ya wafuatiliaji waliokaa mvuani siku baada ya siku wakijifanya hawana habari nao.

Sasa mlima. Lamu ni tambarare. Mahali pa juu tunapopajua ni vilima vya mchanga vya Shela na darini kwa watu. Mtu wa namna hii akiambiwa "hewa nyepesi" hucheka, hasa akiwa baharia. Nimewahi kuwa na mzamiaji wa kambakoche kutoka Kizingitini, mtu anayekaa chini ya maji mpaka ukamhofia, akaniambia hewa kwake si tatizo. Usiku wa kwanza pale kambi ya Shipton, mlimani, alitapika mara tatu. Mapafu yake hayakuwa na kasoro yoyote. Kuzuia pumzi ni kutumia vizuri ile uliyovuta. Kule juu tatizo ni kwamba kila unayovuta ni pungufu. Oksijeni bado ni sehemu ileile ya hewa, karibu asilimia 21, lakini uzito wa hewa inayoisukuma iingie mwilini umepungua. Lenana unapata zaidi kidogo ya nusu ya kile unachovuta ukiwa Mkunguni, Lamu, usawa wa bahari. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ni chini kidogo ya nusu. Nguvu, ujana na nia havibadilishi hesabu hiyo. Kinachosaidia ni siku tu: mwili unaanza kuhema kwa kina zaidi, figo zinarekebisha damu, na baadaye chembe nyekundu zinaongezeka.

Ndiyo maana naipinga ratiba ya Sirimon inayouzwa sana. Inakulaza kambi ya Old Moses, kama mita 3,300, kesho yake Shipton, kama mita 4,200. Hiyo ni mita 900 kwa siku moja, wakati kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Kwa mtu aliyetoka Nanyuki, ambaye damu yake imezoea nyanda za juu, huenda ikapita. Kwa mtu aliyeteremka juzi kwenye boti ya Mokowe, hapana. Watu wangu wanalala usiku wa kwanza getini, mita 2,650 hivi, mbili Old Moses, mbili Shipton. Gharama inaongezeka, ndiyo. Nimechoka kubeba watu wazima mgongoni saa nane za usiku.

Kila jioni nauliza maswali yaleyale: kichwa, tumbo, usingizi, hamu ya kula. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kichwa kinachouma baada ya dawa na maji, pamoja na kutapika, ni amri ya kutopanda zaidi. Halafu kuna kipimo ninachokiamini kuliko kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni: namwambia mtu atembee kisigino mbele ya vidole kwa mstari mnyoofu, kama anavyopita kwenye ubao wa kupandia jahazi. Baharia akiyumba kwenye mstari huo ardhini, ubongo wake umeanza kuvimba, na anashushwa usiku huohuo, hasubiri asubuhi. Vilevile anayehema kwa shida akiwa amekaa tu, na kikohozi kilichoanza kikavu sasa kinatoa povu. Dawa ya acetazolamide husaidia kuzuia, kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni, lakini mwone daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Na hakuna kidonge kinachokuruhusu kuendelea kupanda ukiwa mgonjwa.

Sasa ukiangalia mambo haya mawili pamoja utaona kwa nini naigeuza karatasi. Mlima unatengeneza kikohozi. Gorila hawakitaki kikohozi. Msitu wa gorila hautengenezi chochote cha kukuzuia mlimani, ila matope na miwasho ya upupu. Tena nawalaza watu Ruhija, upande wa juu wa Bwindi, zaidi ya mita 2,300, siku mbili au tatu. Sitadanganya kwamba hilo linatosha. Sehemu kubwa ya faida inapotea njiani mkishuka Kampala na kurudi Nairobi. Lakini mtu wa pwani anaonja mara ya kwanza usiku wa baridi na pumzi fupi akiwa karibu na gari na hospitali, na mimi namjua nani atanipa kazi mbele. Pia ramani inakubali: Bwindi ndiko mbali, Sirimon iko njia ya kurudi nyumbani.

Matopeni watu wetu hawana mpinzani. Wakata boriti waliozoea kutembea kwenye mikoko wanapita miteremko ya Bwindi huku wageni kutoka mijini wanakaa chini kila hatua ya tatu. Hata hivyo chukua mpagazi pale getini. Huhitaji? Mchukue tu. Ni kijana wa kijiji jirani, na mkono wake kwenye mteremko utaukumbuka. Mazoezi yenyewe hayahitaji jumba la mazoezi: panda vilima vya Shela na begi lenye chupa za maji, alfajiri, mara tatu kwa juma, kwa miezi miwili.

Msimu ninaoupenda ni kaskazi ikiwa imetulia, Januari na Februari, Mlima Kenya na Bwindi vyote vikiwa na mvua haba. Masika sichukui mtu.

Bei, wakati naandika, kibali cha gorila Uganda kwa mgeni wa nje ni dola 800, na Rwanda dola 1,500. Raia wa Afrika Mashariki Uganda analipa shilingi 300,000 za kwao, yaani elfu kumi na kitu za kwetu. Narudia kwa sababu watu hawaamini: si dola. Uliza tena kabla ya kulipa, viwango hubadilika. Mkenya anavuka Uganda kwa kitambulisho, lakini kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, na chanjo ichomwe siku 10 kabla, la sivyo haihesabiki. Chakula ni halali kwa sababu nachinja mwenyewe au tunakula maharage. Na wanaoswali: Lamu tumezoea kibla karibu kaskazini kabisa, Bwindi geuka kidogo mashariki.

Yule fundi alirudi. Januari iliyofuata alinifuata mwenyewe, akaweka pesa mezani, akasema safari hii yeye ndiye anayepanga siku. Tukaanza Ruhija. Alikaa saa nzima mbele ya dume lenye mgongo mweupe, hakupiga picha zaidi ya mbili. Baadaye akaniambia alikuwa anaangalia jinsi mikono ile ilivyokuwa ikimenya gome la mti, bila patasi. Siku kumi baadaye tulikuwa Lenana, mahali ambapo mpanda mlima Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya usiku wa uhuru wa mwaka 1963. Wakati wa kushuka, karibu na Shipton, kikohozi kikamrudia kilekile. Akasimama, akanitazama.

"Kohoa utakavyo," nikamwambia.