Uvimbe unaozalisha homoni: pale sindano ya saratani ya tezi dume inapogonga mwamba

Uvimbe unaozalisha homoni ni ule ambao seli zake hutengeneza homoni zenyewe, bila kungoja amri kutoka kichwani. Kwa mwanamume anayetibiwa saratani ya tezi dume, hilo linaweza kuvuruga matibabu yote.

Saratani hii hustawi kwa testosteroni, homoni ya kiume. Daktari Charles Huggins alilionyesha hilo mwaka 1941, na hadi leo iliyosambaa hutibiwa kwanza kwa kuikata homoni hiyo. Kwa kawaida tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutoa homoni iitwayo LH, nayo LH huziamuru seli za Leydig ndani ya korodani zitengeneze testosteroni. Sindano kama ya goserelini huinyamazisha pituitari, na baada ya wiki chache testosteroni hushuka chini ya nanogramu 50 kwa desilita.

Sasa shika karatasi ya majibu ya maabara ya mgonjwa anayechomwa sindano hiyo. LH iko karibu na sifuri. Mstari wa pili: testosteroni ingali juu. Kama sindano ingekuwa imerukwa, LH nayo ingepanda. Kwa hiyo ama mgonjwa anatumia testosteroni ya dawa (aulizwe kwa upole, bila kushutumiwa), ama kuna chanzo kisichosikia amri.

Chanzo hicho ni nadra. Huweza kuwa uvimbe wa tezi ya adrenali, juu ya figo, au wa seli za Leydig, ambao ni kama 1 hadi 3 kati ya kila vimbe 100 za korodani. Mwingine ni mdogo kiasi kwamba vidole havigusi kitu. Altrasaundi ndiyo huuona. Uvimbe huo ukitoa estrojeni, homoni ya kike, matiti huvimba, na kwa kuwa dawa zenyewe huvimbisha matiti, dalili hiyo hupita bila kutiliwa shaka. Kuna pia vimbe zinazotoa hCG, homoni ileile ya kipimo cha mimba: inafanana sana na LH, hivyo huziamsha seli za Leydig.

Linaloniuma ni hili: PSA (kipimo cha damu kinachofuatilia saratani hii) ikipanda, mgonjwa anaweza kuambiwa saratani yake imekuwa sugu, akahamishiwa dawa kali zaidi, kumbe testosteroni haijawahi kushuka. Saratani haiitwi sugu kabla ya kupima testosteroni na kuikuta chini. Pima PSA na testosteroni pamoja, kila mara. Na uvimbe ukipatikana korodanini, mara nyingi huondolewa pamoja na korodani hiyo. Ile ya upande wa pili imeshanyamazishwa na sindano.