Viazi vitamu, matembele na marando ya mapambo: maswali na majibu

Kiazi cheupe na kile chenye nyama ya rangi ya chungwa vinatofautiana kwa afya?

Vinatofautiana sana kwa jambo moja. Rangi ya chungwa hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayohitajika kwa macho, ngozi na kinga dhidi ya maradhi, hasa kwa watoto wadogo na kwa mama wajawazito na wanaonyonyesha. Kiazi cheupe kinashibisha na kutia nguvu, lakini karotini yake ni kidogo mno. Kwa aina nyingi za viazi lishe, kama vinavyoitwa vile vya rangi ya chungwa, gramu 125 hivi zinaweza kumpatia mtoto mdogo vitamini A ya kutwa nzima. Mwaka 2016 Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani, pamoja na Howarth Bouis, na kazi yao watatu hao ilikuwa ni kuviendeleza na kuvieneza viazi hivyo barani Afrika. Karotini huingia mwilini vizuri zaidi ikipata mafuta, kwa hiyo tui la nazi lisilozidi kiasi lina faida yake katika chungu cha viazi. Sukari ya kuongezea haina.

Mama yangu ana maradhi ya sukari. Aache kabisa viazi vya futari?

Si lazima aviache, ila azingatie kiasi na namna ya kuvipika. Kiazi kilichochemshwa hupandisha sukari ya damu polepole kuliko kilichochomwa au kuokwa. Tatizo kubwa la futari zetu, kwa maoni yangu, ni mkusanyiko wake: viazi vya nazi vilivyotiwa sukari na iliki, tambi, uji, tende na sharubati, vyote kwa kikao kimoja. Apakuliwe vipande vichache visivyotiwa sukari, ale pamoja na samaki au kunde na mboga za majani, na kama ana kipimo nyumbani apime saa mbili baada ya kula ili ajue mwili wake unavyopokea. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari amwone daktari kabla ya Ramadhani kuingia, kwa sababu dozi huenda ikahitaji kubadilishwa.

Kuna marando ya mapambo, yenye majani ya zambarau au ya kijani kilichopauka. Nayo yanaliwa kama matembele?

Mengi ya marando hayo ni viazi vitamu hasa, vilivyochaguliwa kwa uzuri wa majani, na viazi vyake havina sumu ingawa mara nyingi havina ladha au ni vichungu. Hata hivyo sishauri kuyachuma, kwa kuwa mimea ya maua huweza kupigwa dawa za wadudu zisizokusudiwa kwa chakula. Matembele yatoke shambani au kwa muuzaji wa mboga anayeaminika. Wala usichukulie kwamba kila kinachotambaa na kufanana nayo ni mboga: ule mmea wa mchanga wa pwani wenye maua ya zambarau na jani lililogawika kama kwato ya mbuzi ni jamaa wa kiazi kitamu, lakini si wa kupikwa, na mbegu za baadhi ya jamaa zake wanaopandwa kwa maua zina kemikali zinazovuruga akili.

Na majani ya mbatata, yaani viazi mviringo?

Hayaliwi kabisa. Mbatata ni wa ukoo mwingine, na majani yake, machipukizi yake na sehemu zilizogeuka kijani zina solanini, sumu inayoleta kutapika, kuharisha na maumivu ya tumbo, wala kuchemsha hakuiondoi.

Kiazi kitamu kikiwa na doa jeusi lililooza, nikate nipike kilichobaki?

Hapa ndipo ninapoomba watu wawe wakali zaidi. Kiazi kikishambuliwa na kuvu au fukusi, chenyewe hutengeneza kemikali chungu za kujikinga, na baadhi yake, zinazojulikana kwa kudhuru mapafu ya ng'ombe waliolishwa viazi vilivyooza, haziharibiwi zote na moto, tena huweza kuenea nje ya doa linaloonekana. Kiazi cha namna hiyo kitupwe, na wala asipewe mnyama. Jeraha la jembe lililokauka bila ukungu wala uchungu ni jambo jingine. Hilo hukatwa tu. Viazi vizima viwekwe mahali pakavu penye hewa, si katika mfuko wa plastiki.

Nani mwingine awe na hadhari?

Mwenye maradhi ya figo aliyeambiwa apunguze potasiamu aulize kiasi chake, na avimenye, avikate vidogo, avichemshe kwa maji mengi na kuyamwaga. Matembele yana oksalati, inayomhusu aliyewahi kupata mawe ya figo, na yana vitamini K, kwa hiyo anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiyaache ghafla wala kuyazidisha ghafla, bali ale kwa kiasi kinacholingana kila wiki na amwarifu daktari anayempima damu.