Tunajuaje Kuna Miamba Gani Chini ya Andes?

Shimo lenye kina kikubwa kuliko yote aliyowahi kuchimba binadamu liko katika rasi ya Kola, Urusi. Mwaka 1989 lilifika mita 12,262, kisha joto likawashinda wachimbaji. Chini ya uwanda wa Altiplano, katika safu ya Andes huko Bolivia, ganda la dunia lina unene wa kilomita 70 hivi. Kwa kuchoronga hatufiki, basi tunasikiliza matetemeko.

Tetemeko hutuma mawimbi ya P, yanayoubana na kuuachia mwamba, na mawimbi ya S, yanayoutikisa kwa kukingama. Mwaka 1909, Andrija Mohorovičić wa Zagreb aliona kwamba baadhi ya mawimbi yalivifikia vipima mitetemo vya mbali mapema kuliko yalivyotarajiwa. Yalikuwa yamezama hadi kwenye miamba inayopitisha mawimbi kwa kasi zaidi. Alikuwa amegundua mpaka kati ya ganda na mantili, tabaka nene lililo chini ya ganda. Mpaka huo leo tunauita Moho.

Katika graniti, mawimbi ya P huenda karibu kilomita 6 kwa sekunde. Katika gabro, mwamba mzito wa sehemu ya chini ya ganda, ni karibu 7, na katika peridotiti, mwamba wa mantili, ni 8 hivi. Laiti kazi ingeishia hapo! Joto hupunguza kasi na mgandamizo huiongeza, kwa hiyo gabro ya moto yaweza kujifanya mwamba mwingine. Ndiyo maana tunagawanya kasi ya P kwa ya S. Mwamba wenye madini ya kwatzi kwa wingi, kama graniti, hutoa uwiano wa karibu 1.7, gabro hupita 1.8. Palipoanza kuyeyuka, mawimbi ya S hulegea sana na uwiano hupanda.

Altiplano ilitushangaza. Wastani wa kasi ya P katika ganda lote ni karibu 6 tu, kana kwamba sakafu nzito ya gabro haipo. Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni haya: gabro iliposukumwa chini sana iligeuka eklogiti, mwamba wenye madini mekundu ya garneti na densiti inayokaribia gramu 3.5 kwa sentimita ya ujazo, wakati peridotiti ni 3.3 hivi. Ikawa nzito kuliko mantili iliyo chini yake, ikamomonyoka na kuzama.

Lakini eklogiti ni laghai. Kasi yake ya P nayo ni karibu 8, kwa hiyo kipande ambacho bado kinaning'inia tunaweza kukisoma kama mantili na kuichora Moho juu yake. Hapo sisi huleta vipimo vya graviti, yaani nguvu ya uvutano, maana uzito wa ziada haufichiki.

Mara chache volkano hutuletea ushahidi wa mkononi. Katika Sierra Nevada ya California, lava za miaka milioni 10 hivi iliyopita zilipandisha vipande vyenye garneti. Zile za miaka milioni 3 au 4 iliyopita zimeleta peridotiti isiyo na garneti, ishara kwamba sakafu nzito ilikuwa imekwisha kuzama.