Kazi ya kwanza baada ya kidato cha nne: nani atakusemea?

Kazi yangu ni kutafuta wafanyakazi kwa ajili ya maduka ya jumla na supamaketi za hapa Dar es Salaam. Kila Novemba, mtihani wa kidato cha nne ukiisha tu, simu yangu inajaa ujumbe wa aina moja: "Shikamoo, natafuta kazi yoyote, sina uzoefu ila najituma." Mdogo wangu, ujumbe huo haunipi pa kuanzia. Kazi inayoitwa "yoyote" sina, na sijawahi kukutana na mwombaji aliyesema hajitumi.

Mwenye duka anayemchukua kijana wa miaka 17 hasumbuliwi na uzoefu. Kupanga mzigo na kusoma bei utafundishwa, siku chache tu. Kinachomnyima usingizi ni droo ya hela na simu ya uwakala wa pesa za mtandao yenye floti, yaani hela ya kuhudumia wateja. Ukiondoka nayo, atakupata wapi? Ndiyo maana kabla hajauliza unajua nini, atauliza unakaa wapi na unakaa na nani. Ndiyo maana pia utaambiwa ulete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, picha za pasipoti na wadhamini wawili.

Hapo kwenye wadhamini ndipo vijana wengi wanapokwama. Wanaleta jina la mjomba mwenye cheo, ambaye wanakutana naye kwenye harusi na misiba. Mimi nikimpigia mdhamini huwa namuuliza jambo moja: umewahi kumpa huyu kijana hela akaenda dukani na kukurudishia chenji kamili? Mjomba mwenye cheo anaanza kuniambia familia yao ni watu wa dini. Mama wa genge la jirani ananijibu papo hapo: "Huyo? Namwachia genge naenda sokoni, narudi nakuta hesabu imenyooka." Nani kati yao amekusaidia? Kumdhamini mtu ni kuweka jina lako rehani, na mtu hawezi kukusemea kwa jambo ambalo hajaliona kwako.

Kwa hiyo kama bado uko nyumbani hujui uanzie wapi, tafuta kwanza mahali ukaaminiwe kidogo. Shika duka la jirani akienda kuswali. Andika michango ya kwaya au ya madrasa. Kama mama anauza maandazi, chukua daftari, lipige mistari: tarehe, unga na mafuta yamegharimu kiasi gani, yameuzwa mangapi, waliokopa ni nani, jioni imebaki shilingi ngapi. Kijana mmoja alinijia na daftari la namna hiyo, kurasa zimelowa mafuta, na madeni yaliyolipwa ameyakata kwa kalamu nyekundu. CV yake sikuihitaji tena. Ukiandika CV, na supamaketi na hoteli wataitaka, iwe ukurasa mmoja, na hayo ndiyo uyaweke penye uzoefu: "Nauza genge la nyumbani Jumamosi na Jumapili, naandika mauzo na kufunga hesabu." Habari za kupenda muziki na kuangalia mpira ziache.

Bahati yenu ni msimu. Mnamaliza mtihani Novemba, na Desemba kuna sikukuu, kisha Januari shule zinafunguliwa. Wauza sare, viatu, mabegi na madaftari wanazidiwa kabisa. Pale Kariakoo nenda mapema mwezi wa Desemba, mchana ule wateja wakipungua kidogo, si asubuhi mzigo unaposhushwa. Usiende na kundi la marafiki. Salimia, kisha sema moja kwa moja: "Bosi, nimemaliza kidato cha nne, nakaa Buguruni na mama yangu. Naweza kusaidia msimu huu, hata kuanza na kupanga mzigo. Barua ya serikali ya mtaa ninayo hapa." Akisema hana nafasi, muulize nani jirani yake amezidiwa. Na popote utakapoambiwa utume kwanza hela ya fomu au ya usaili, ondoka.

Ukipata, kubaliana malipo kabla ya kugusa mzigo. "Tutaonana mwisho wa mwezi" si mshahara. Uliza ni kwa siku au kwa mwezi, na nauli na chakula ni juu ya nani. Uliza pia kitu kikipotea inakuwaje, maana hapo ndipo watoto wa watu wanapokatwa mpaka hawabakiwi na kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kukukata hasara isiyo kosa lako. Hata kama kosa ni lako, lazima uelezwe kwa maandishi, upewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira. Aliye chini ya miaka 18 hapangiwi kazi ya hatari, wala ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hilo mwambie na mzazi wako alijue.

Kuna kadogo kengine. Kama hujafikisha 18 huenda huna namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na laini yako pengine imesajiliwa kwa jina la mama. Mshahara ukitumwa kwa simu litatokea jina lake, na mhasibu atashtuka. Mwambie mapema. Kitambulisho chako kitakuwa cheti cha kuzaliwa.

La mwisho ni kidato cha tano. Vijana wanaificha habari hiyo wakihofia kunyimwa kazi, halafu wanatoweka majina ya waliochaguliwa yakitangazwa. Sema tangu mwanzo kwamba ukichaguliwa utaondoka Julai. Wa dukani wanakubali kuliko mnavyodhani, kwa sababu Januari ndiyo wanayoihitaji zaidi. Na siku ya kuaga omba barua fupi yenye muhuri wa duka, tarehe ulizofanya kazi, na namba ya simu ya bosi, ukiwa umemwomba ruhusa ya kumtaja. Namba hiyo ndiyo nitakayoipiga mimi ukija kuomba kazi nyingine.