Je, wajua kwanini tisheti ya pamba haitakiwi mlimani? Muulize mtungi

Sisi wa Dodoma baridi yetu ni ya Juni na Julai, ile ambayo boda wote wanavaa majaketi mazito na asubuhi unakuta mtu kajifunga shuka mpaka puani. Kwahiyo mtu akialikwa kupanda Kilimanjaro, au hata Hanang hapo juu ya Katesh, akili inaenda moja kwa moja kwenye nguo nzito: sweta, jinzi, tisheti mbili za pamba ndani, koti kubwa kuliko yote aliyonayo. Hafu anamsikia muongoza watalii anasema pamba acha nyumbani, anabaki anashangaa maana pamba si ndo nguo ya maana, inavuta jasho.

Tatizo ndo hilo hilo, inavuta jasho.

Fikiria mtungi wa udongo. Maji yake ni ya baridi hata saa nane mchana, na hakuna friji wala umeme. Udongo unapitisha maji kidogo kidogo mpaka nje, upepo unayakausha, na maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto, yanalichukua kutoka kwenye mtungi wenyewe. Na joto linaloondoka sio dogo, kukausha lita moja ya maji kunakula karibu mara 7 ya joto la kuchemsha lita hiyo hiyo kwa ajili ya chai. Sasa ukivaa tisheti ya pamba iliyolowa jasho hafu ukakutana na upepo wa mlimani, mtungi ni wewe.

Mi hili nimelijua Hanang, sikulisoma. Mlima ule una mita 3,417, na chini kwenye msitu nilipanda na tisheti ya pamba na sweta juu, nikawa nachuruzika kama niko shamba. Tulipotoka kwenye miti tukaingia ule mgongo wa juu wenye upepo tukakaa kula chapati, jua linawaka kabisa, na haikufika dakika tano meno yakaanza kugongana yenyewe. Mwenzangu kavaa jezi ya mpira ya kawaida na kikoti chepesi, yeye anakula tu.

Jezi ile ni polista, na nyuzi za polista zenyewe hazinywi maji, jasho linakaa juu juu linakauka haraka. Pamba inakunywa, inavimba, inakulalia mwilini, na maji yanapitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa. Sufu, yale manyoya ya kondoo, yenyewe ni ya ajabu kidogo maana inanyonya unyevu lakini haijilazi kama pamba, bado inashika hewa ndani, ndo maana soksi za sufu zinasifiwa sana.

Na hewa ndo siri yote. Nguo haina joto lake, hata koti la bei mbaya halina, joto ni lako na kazi ya nguo ni kunasa hewa isitembee. Ndo sababu wanavaa tabaka tabaka: ya ndani inayokauka haraka, ya kati ya flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya manyoya, ya kushika hewa, na ya nje ya kuzuia upepo na mvua. Koti moja zito huwezi kulipunguza nusu, ukiwaka moto unalivua lote na upepo unakupata, ila tabaka unavua moja unaendelea. Wazoefu wanaanza kutembea wakiwa wanasikia kibaridi kidogo, maana ukianza ukiwa wa moto baada ya nusu saa umeshalowa. Hata koti la mvua la plastiki lisilopumua linakulowesha vile vile, kwa ndani. Jaketi lililojazwa manyoya ya bata linavaliwa mkisimama au usiku kambini, likilowa manyoya yanashikana na hewa yote inaisha, umebeba mfuko tu.

Baridi yenyewe kiasi gani? Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu. Dodoma tuko mita 1,100 na kitu, Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, ni 5,895, kwahiyo piga hesabu, ni kama nyuzi 31 chini ya hapa tulipo, na usiku wa kileleni watu wanaanza kutembea karibu saa sita usiku, upepo sijauweka. Pale mzula, glovu nene na tochi ya kichwani sio mapambo. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inaua chaji. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, barafu inaanzia juu, ukiigeuza mdomo hauzibi. Miwani pia beba, jua la juu ni kali kuliko hili letu. Buti iwe na nafasi mbele, la sivyo siku ya kushuka kucha zitakulilia.

Habari njema ni kwamba vingi vya hivi vipo mitumbani soko la Sabasaba hapa Dodoma, ila soma lebo, ikiandikwa cotton irudishe hata kama ni nzuri kiasi gani. Kama huniamini lowesha jezi na tisheti ya pamba, zikamue, vaa moja moja kaa barazani upepo ukupige. Ila fanya usiku wa Julai, sio saa saba mchana wa Oktoba, kwa jua letu zote zitakauka hujamaliza kikombe cha chai na utaniona mi muongo.