Je, shimo jeupe, kitu cha kinadharia kilicho kinyume cha shimo jeusi, husukuma vitu? Na je, ndilo lililosababisha mlipuko ulioonekana angani mwaka 2006?

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa shimo jeusi huvuta, shimo jeupe lazima lisukume. Sivyo. Shimo jeupe nalo huvuta, na sayari inayolizunguka kwa mbali ingezunguka vilevile kama inavyozunguka shimo jeusi la uzito huohuo.

Milinganyo ya Einstein ya mvutano haibagui muda unaokwenda mbele na unaorudi nyuma. Ukigeuza muda wa shimo jeusi, unapata shimo jeupe. Chukua video ya jiwe lililorushwa juu: linapanda, mwendo unapungua, linasimama, kisha linashuka likiongeza kasi. Irudishe kinyumenyume na utaona yaleyale, jiwe linapanda, linachoka, linashuka. Dunia bado inalivuta. Kilichogeuka ni safari tu. Kwa hiyo mpaka wa shimo jeusi huingiwa bila kutokeka, na wa shimo jeupe hutokwa bila kuingilika, hata na mwanga.

Wala si mlango wa nyuma wa kila shimo jeusi. Lile linalozaliwa na nyota iliyoporomoka halina jeupe upande wa pili.

Tarehe 14 Juni 2006, satelaiti ya Swift ilinasa mlipuko wa miale ya gamma, GRB 060614, uliodumu sekunde 102, umbali wa miaka nuru bilioni 1.6 hivi. Mlipuko unaozidi sekunde 2 kwa kawaida hutokana na kifo cha nyota kubwa na huambatana na supanova, yaani mlipuko unaong'aa sana wa nyota hiyo. Huu ulikuwa karibu kiasi cha supanova kuonekana, lakini darubini hazikuiona. Mwaka 2011 watafiti Alon Retter na Shlomo Heller wakapendekeza kuwa huenda lilikuwa shimo jeupe.

Ni dhana ya kusisimua, ila ina tatizo zito. Mwaka 1974 mwanafizikia Douglas Eardley alionyesha kwamba mwanga unaolielekea shimo jeupe, kwa kukosa pa kuingilia, hurundikana mpakani, nishati yake ikipanda mno hadi shimo jeusi linazaliwa na kulifunika.

Mwaka 2015, data za GRB 060614 zilipochambuliwa upya, picha za darubini ya angani ya Hubble zilionyesha dalili ya kilonova, mng'ao wa infraredi unaotarajiwa nyota nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota kubwa iliyokufa) inapogongana na nyenzake au na shimo jeusi. Dalili hiyo ni hafifu, imesimama juu ya vipimo vichache. Lakini Desemba 2021 GRB 211211A ulidumu takriban sekunde 50, nao ukafuatwa na kilonova iliyoonekana wazi zaidi. Yaani hata mlipuko mrefu waweza kutokana na mgongano kama huo, bila kuhitaji shimo jeupe.