Saladi ya matunda na majani ya harufu wakati wa kiangazi: maswali mnayouliza

Jua la Desemba hadi Februari likishika kasi, hamu ya chakula kizito hupungua, na ndipo, hapa Uganda, meza za masoko ya Nakasero na Kalerwe mjini Kampala, na yale ya Arua na Soroti, hujaa tikiti maji, mapapai, mananasi na maembe. Wakati huo maswali kuhusu saladi ya matunda huongezeka kliniki, na mengi yanatoka kwa akina mama wanaotaka kuwapa watoto kitu cha kuburudisha koo bila kununua soda. Nimeyakusanya yale yanayojirudia.

Musawo (mhudumu wa afya), kuna tofauti gani kati ya kula matunda na kunywa juisi yake? Si kitu kilekile?

Hapana. Ukikamua na kuchuja, nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye chujio, na sukari iliyokuwa imefungwa ndani ya tunda huachiliwa. Mtu anaweza kunywa juisi ya machungwa manne kwa pumzi moja, lakini kuyala yote manne ni kazi. Shirika la Afya Duniani (WHO) huihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ya mezani katika ile tunayotakiwa kuipunguza. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi hivyo.

Shirika hilohilo linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Mihogo na viazi havimo katika hesabu hiyo.

Nichanganye matunda gani? Ya bei ghali ndiyo yenye nguvu zaidi?

Tufaha lililosafirishwa kutoka ng'ambo halizidi pera la uani kwako. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, karibu mara nne ya chungwa, wakati mtu mzima anahitaji chini ya miligramu 100 kwa siku. Papai na embe, kwa rangi yao ya manjano, hutupatia kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili. Vitamini hiyo hufyonzwa vizuri ikikutana na mafuta kidogo, kwa hiyo vipande vichache vya parachichi vina kazi bakulini. Tikiti maji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na kwenye joto hilo ni jambo jema.

Kuna faida moja ambayo watu wengi hawaijui. Vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na dodo (mchicha). Chai inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Mama mjamzito, au binti anayepoteza damu nyingi kila mwezi, akila saladi hii baada ya maharage na kuiahirisha chai kwa saa moja au mbili, anaisaidia damu yake bila kuongeza gharama.

Na majani? Nimesikia mnanaa unafaa, lakini kwa nini niweke majani kwenye matunda?

Kwa sababu yanakuwezesha kuiacha sukari. Harufu ya mnanaa hulifanya nanasi lionekane tamu na la baridi kuliko lilivyo, na mtu aliyezoea kumwagia asali au maziwa mazito ya kopo hasikii pengo. Mimi nayapenda majani haya kwa sababu hiyo kuliko kwa vitamini zake, maana tunatumia machache mno kuweza kuleta virutubisho vingi.

Mnanaa unafaa kwa tikiti maji na nanasi. Mrehani unakwenda vizuri na embe. Omujaaja, ule tunaouweka kwenye chai, una harufu kali: majani mawili au matatu yaliyokatwa vyembamba yanatosha bakuli zima. Mchaichai ni mgumu kutafuna, kwa hiyo uchemshe kwenye maji kidogo, uache upoe, kisha tumia maji yake.

Wengine huuliza kama majani haya yanatibu shinikizo la damu au malaria. Hapa tunayatumia kama kiungo. Mwenye dawa za hospitali aendelee nazo kama alivyoelekezwa.

Mimi huosha matunda kwa maji ya bomba na inatosha. Kwa nini mnasisitiza sana?

Hili nataka tulikalie, kwa sababu saladi haipiti motoni. Chochote kilichoingia bakulini kinafika tumboni kikiwa hai. Homa ya matumbo na kipindupindu husambazwa na chakula na maji yaliyochafuliwa na kinyesi, na kisu hakichagui kinachobeba.

Tunda hata kama utalimenya, lioshe kwanza. Kisu kinapopita kwenye ganda chafu la tikiti au nanasi hubeba vijidudu mpaka ndani ya nyama ya tunda. Mwaka 2011 huko Marekani matikiti yenye bakteria ya listeria yaliua watu 33, na ganda la tikiti halikuwa sehemu wanayoila. Kwa hiyo mimina maji safi juu ya tunda ukilisugua kwa mkono, na lenye ganda gumu au la makwaruzo lisugue kwa brashi iliyotengwa kwa kazi hiyo. Usitumie sabuni kwenye tunda. Sabuni ni ya mikono yako, kisu na ubao. Ubao uliokatia nyama au kuku usiuguse kwa kazi hii kabla hujauosha kwa sabuni na kuusuuza vizuri.

Majani yanataka uangalifu kuliko tunda lenyewe. Hayamenywi, huota karibu na udongo, na huwezi kujua yalimwagiliwa maji gani. Kampala kuna bustani zinazolimwa kandokando ya mfereji wa Nakivubo, ambao hubeba maji machafu ya mji kuelekea Ziwa Victoria. Fungu la mnanaa sokoni halisemi limetoka wapi. Chambua jani mojamoja, tumbukiza kwenye beseni la maji safi, zungusha kwa mkono, kisha yainue majani na kuyaweka pembeni. Usimwage maji majani yakiwa bado ndani, kwani mchanga uliotua chini utayarudia. Badilisha maji mpaka beseni libaki bila chembe, halafu suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Maji hayo yachemke kabisa kwa dakika 1. Kwenye miinuko mikubwa kama ya Kigezi, yaache dakika 3.

Chumvi na siki? Hupunguza vijidudu kiasi, lakini haviviui vyote. Usiviamini peke yake.

Ukiweza, panda mnanaa wako. Kipande cha shina kikiwekwa kwenye glasi ya maji hutoa mizizi, kisha unakihamishia kwenye kopo lenye udongo. Hapo maji unayoyamwagilia unayajua.

Inatengenezwaje hasa?

Kwa watu sita: papai moja la wastani, nusu ya nanasi, maembe mawili, ndizi ndogo za kisukari nne, pasheni tatu, ndimu moja, na majani kumi na matano hivi ya mnanaa. Anza na mchuzi. Kamua pasheni na ndimu kwenye bakuli, kwaruza tangawizi kidogo, kata majani kwa kisu kikali na uyaache humo dakika kumi ili harufu itoke. Kisu butu huyaponda majani yakawa meusi. Kata matunda vipande vinavyolingana, changanya na mchuzi, na ndizi ziingie mwisho kabisa. Ndimu itachelewesha weusi wa ndizi, lakini haiuzuii.

Nina ugonjwa wa sukari. Niyasahau matunda?

Usiyasahau, mzee wangu, ila pima. Kikombe kimoja cha chai cha vipande kwa mara moja kinatosha, bila asali, maana asali nayo ni sukari. Gramu 100 za embe bivu zina karibu gramu 14 za sukari, tikiti maji karibu 6, papai karibu 8. Kwa hiyo papai na tikiti viwe vingi bakulini, embe na bogoya (ndizi kubwa tamu) vichache. Kula pamoja na karanga chache, na kama una kipimo nyumbani, pima baada ya saa mbili uone mwili wako unavyojibu.

Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kwanza: ndizi, machungwa na parachichi vina potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Balungi nalo hugongana na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za lehemu (kolesteroli), kwa hiyo uliza kabla ya kulila.

Mtoto wangu naye apewe?

Kuanzia miezi sita, papai au ndizi iliyopondwa vizuri. Asali asipewe kabisa kabla ya mwaka mmoja, kwani inaweza kumletea sumu ya botulini. Kwa mtoto chini ya miaka mitano, toa mbegu zote kwenye matunda, vipande viwe vidogo, na ale akiwa amekaa. Karanga nzima zimkae mbali.

Vipi yale yaliyokatwa barabarani, kwenye kavera (mfuko wa plastiki)?

Ninunue tunda zima nikate mwenyewe: huo ndio ushauri wangu kwangu na kwenu. Wauzaji wengi ni watu wenye bidii, lakini pembeni mwa barabara maji ya kunawa ni ya shida na jua halina huruma. Ukilazimika, chagua anayekata mbele yako, mwenye maji ya kunawa na aliyefunika bidhaa dhidi ya nzi.

Sina friji. Itakaa muda gani?

Saa mbili tangu kukata. Joto likizidi nyuzi 32, saa moja tu. Kata kinachotosha walaji waliopo. Ikihifadhiwa kwenye friji iliyo chini ya nyuzi 5, ikiwa imefunikwa, iliwe siku hiyohiyo au kesho yake. Iliyolala mezani usiku kucha itupe, hata kama bado inanukia.

Na mtu akiharisha baada ya kuila?

Anywe ORS (chumvi na sukari za pakiti za kurudisha maji mwilini), iliyochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogokidogo na mara kwa mara. Mtoto aongezewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Katika vijiji vingi wahudumu wa afya wa kijiji (VHT) wanavyo. Kinyesi kikiwa na damu, kikiwa majimaji meupe kama maji ya mchele, au homa ikipanda, asisubiri kukuche: apelekwe kituo cha afya usiku huohuo, akiendelea kunywa ORS njiani.